Doa la Kijani Lililohama

Kila Jumatatu asubuhi, darasa la Mwalimu Theriot lilifungua picha mpya ya setilaiti na kutafuta mahali ambapo bahari ilikuwa imemega vinamasi vya Louisiana. Odalie Verdin, msichana wa miaka kumi na miwili, alilipenda sana somo hilo. Leo, hata hivyo, aliogopa kuitazama picha.

Mwaka mzima wanafunzi walikuwa wameotesha miche ya nyasi za kinamasi, kwa kuwa nyasi ndizo zilizozuia mawimbi ya dhoruba yasifike kwao. Jumamosi wangeipanda kwenye doa la kijani lililoonekana pichani. Odalie alikuwa ametumwa kulikagua kwa mashua ya mjomba wake, Alcide, lakini hakufika. Alinogewa na kuvua kaa gatini, kisha akamwambia mwalimu, "Nimefika. Ni ardhi, imeota nyasi."

Sasa picha mpya ilionyesha doa lile likiwa ng'ambo ya ghuba.

"Ardhi imefunga virago," mwanafunzi mwenzake Remy alisema, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Theriot alikunja uso. "Picha hii ina kasoro. Odalie alifika pale, nami namwamini. Tutapanda palepale."

Maneno hayo yalimchoma Odalie. Akasimama. "Mwalimu, picha haina kasoro. Mimi nilidanganya. Sikufika, nilikuwa navua kaa."



"Angalau walikuwa wanono?" Remy aliuliza. Hata mwalimu alishindwa kujizuia kucheka.

Alasiri Mjomba Alcide aliwapeleka wote. Odalie alichomeka upondo, mti mrefu wa kusukumia mashua, katikati ya doa lile, ukazama bila kugusa chini. Kumbe yalikuwa magugu maji yaliyosukumwa na upepo.

"Ungewalisha samaki miche yetu, binti," mjomba alimtania.

Wakaenda kwenye doa jingine ambalo halikuwa limehama katika picha yoyote. Hapo upondo ulisimama imara. Odalie aliruka, akazama matopeni hadi magotini, akacheka kwa furaha. Jumamosi walipanda miche yote.

Miezi ilipita, na Jumatatu moja ukanda mwembamba wa kijani ukaonekana pichani pale walipopanda. Darasa zima lilishangilia.

"Setilaiti haiwezi kushuka ikagusa tope," Mwalimu Theriot alisema. "Inawategemea ninyi. Mmoja wenu akidanganya, sote tunapofuka. Sasa kuna doa jipya kule kusini. Odalie, nenda ukalikague."