Kijiko cha Mafuta ya Kivumbasi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Alfajiri nilimbeba mwanangu Dzombo, mwili wake ukiwaka homa, hadi zahanati ya kijiji. Nikakuta kufuli. Kufuli lile lile tulilolikuta mama yake alipougua mwaka juzi, tukamzika. Wakubwa walikuja wakakata utepe, wakala pilau, wakaenda zao. Muuguzi hawakuleta.

Nilimwacha Dzombo nyumbani na dada yake Mbeyu, wa gredi ya sita, nikaenda kutafuta pikipiki ya kutufikisha hospitali ya Garsen.

Mbeyu alikuwa na kichupa cha mafuta ya kivumbasi. Mwalimu Enos aliwafundisha kuyatoa: majani yanachemshwa, mvuke unapozwa, mafuta yanaelea juu ya maji. Tone moja ukilichanganya na mafuta ya nazi ukajipaka, mbu hakusogelei.

Niliporudi, Dzombo alikuwa akitapika, macho yamelegea, mdomo unanuka kama karafuu.

"Umempa nini?"

"Maji tu, baba," Mbeyu akasema.

Tukapakiana. Tulipopita zahanati, Nuh mwenye pikipiki akacheka. "Rangi yake nzuri, mzee. Imebaki kutibu tu."

"Endesha," nikamwambia.

Hospitalini, Sista Kadra alimpima Dzombo. "Ana maleria. Lakini hii harufu ni ya nini?"

Mbeyu akainamisha kichwa. Halafu machozi. "Nilimnywesha mafuta ya kivumbasi. Kijiko kizima. Yanafukuza mbu, nikadhani yatafukuza na maleria."

Sista hakungoja. Aliita daktari, wakamshughulikia mtoto mpaka jioni.

Kesho yake Dzombo aliomba chai. Ndipo Sista akamketisha Mbeyu.

"Mafuta yale yana yujenoli, kitu kinachoipa karafuu harufu yake. Kwenye jani ni kidogo. Wewe umechukua nguvu ya kapu zima la majani ukaitia kwenye kijiko. Juu ya ngozi inafukuza mbu. Tumboni inachoma, inaumiza ini. Na maleria iko kwenye damu, haisikii harufu. Ungeendelea kusema ni maji, ningetibu maleria peke yake, na ndugu yako tungempoteza. Usimpe mtu dawa kwa kukisia, na ukikosea, sema mapema."

"Nimeelewa, Sista," Mbeyu akasema. "Sitarudia."

Akatutazama mimi na Sista kwa zamu.

"Lakini asubuhi ile, dawa yenyewe ningeipata wapi?"