Mikia ya Makambako

“Kuhusu Upungufu wa Mkia Mmoja.” Hicho ndicho kichwa cha jalada la rafiki yangu Anania, tarishi aliyetumwa Makambako kuua mbwa kwa hofu ya kichaa na kuleta mikia kama ushahidi. Aliponda vichwa kumi na viwili kwa rungu. Wa mwisho alikuwa mbwa wake, Subira, aliyemfuata kutoka Njombe na kumlamba mkono kabla ya pigo.

Akirudi Njombe kwenye ukungu, alisikia gunia likihema mgongoni.

“Mikia kumi na mmoja,” karani wa serikali alisema ofisini, baada ya kuhesabu guniani. “Subira wako umemficha, bwana?”

“Nimemuua mwenyewe!”

“Serikali haipokei machozi, inapokea mkia. Tafuta, au kazi huna.”

Anania aliingiza guniani mkono uleule uliolambwa. Kitu kikanguruma. Mkono ulitoka bila vidole vitatu.

Karani alilimwaga gunia sakafuni. Ilianguka mikia kumi na miwili. Vidole havikuwemo.