Mtu Aitwaye Koski

Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mto umetuna kama andazi, na mwenye kitanda hayupo.

"Ameibiwa," alisema Börje Lindvall, fundi umeme, akiwa bado na kofia ya kazi kichwani. "Kristina wetu. Miaka sita tu! Mpateni, nawaomba."

Mkewe, Solveig, alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani.

Inspekta Severin Mashauri alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto akaangalia. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, na mkaidi kupita kiasi. Jeshi la Polisi la Tanzania lilimleta Stockholm mwaka ule wa 1973 kujifunza upelelezi, na wenyeji wake walikwisha kumzoea kwa tabia moja: kuuliza maswali ya kipuuzi. Kwanza walimcheka. Siku hizi walikuwa wanangoja majibu.

"Viatu vyake vya theluji viko wapi?" aliuliza.

Sajini Nyberg, mwenzake wa kazi, alichungulia dirishani. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, na jua linamulika maghorofa yote ya mtaa wa Vällingby. "Theluji haijaanguka, Severin."

"Ndiyo maana nauliza."

Viatu vya mpira vya mtoto vilikuwepo, na vya kitambaa pia. Vya theluji havikuwepo, wala koti lake nene. Mlango haukuvunjwa, na mtaalamu wa alama za vidole hakupata alama ila za wenye nyumba.

"Bi Solveig, ulimwona wapi mara ya mwisho?"

"Chini, uwanjani. Alikuwa anacheza. Nikapanda kuangalia sufuria."

"Ulipoona hayupo, ukaita polisi?"

Alikawia kujibu. "Jirani ndiye aliyeita."

Ebo! Mtu amepotelewa na mtoto, halafu polisi anaitiwa na jirani? Mashauri aliliweka hilo akilini, akashuka ngazi.

Jirani mwenyewe alikuwa Roselyn Muthoni, Mkenya aliyeolewa na Mswidi, anayekaa ghorofa ya chini. Alipomwona Mwafrika mwenzake akitoa kitambulisho cha polisi, alishika kifua.

"Heh! Wewe ni polisi wa hapa kweli?"

"Wa kuazimwa tu, dada yangu. Hebu niambie ulichoona."

"Nilikuwa hapa dirishani nikiosha vyombo. Kulikuwa na mtu pale kwa kona, amevaa koti refu na kofia, uso sikuona. Huyo mtoto akatoka mbio akiita 'Koski! Koski!' Akashikwa mkono, wakaenda. Nikasema hapana, siwezi nyamaza. Nikapiga simu."

"Na Sajini Nyberg umemweleza hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno. Aliposikia Koski, akaruka kama amekalia sindano."

Nyberg alikuwa na sababu ya kuruka. Koski ni jina la ukoo la Kifini, na miaka ile Wafini walijaa Stockholm kwa kazi za viwandani. Tena katika jengo lile lile, ngazi ya pili, alikaa Koski mmoja, fundi wa lifti, asiye na mke wala mazoea na watu. Mashauri alipofika kituoni, maskini yule alikuwa tayari amewekwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Mtoto yuko wapi?" Nyberg alimfokea.

"Mtoto gani?"

"Kristina Lindvall!"

"Mimi nina paka."

"Usitutanie!"

"Sitanii. Paka jike."

Mashauri alimvuta Nyberg nje kwa mkono wa shati. "Si yeye. Mwachie."

"Mtoto amemtaja kwa jina! Na watoto wa siku hizi wanaita kila mtu kwa jina."

Hapo Nyberg hakusema uongo. Waswidi wakati ule walikuwa wameamua kuacha vyeo. Bosi, daktari, mwalimu, wote ni "wewe" na jina tupu, basi. Mashauri mpaka leo vinyweleo vilimsimama kila alipomsikia msichana wa chai akimwita mkuu wa upelelezi, mzee wa kumzaa baba yake, "Gösta". Yeye alishindwa kabisa. Alimwita "Mzee Hallgren", wakamcheka, akaendelea kumwita hivyo hivyo.

"Kwa jina la mtu mwenyewe, sawa," alisema. "Lakini nimekaa kwenu miezi yote hii, sijasikia mtoto akimwita mtu kwa jina la ukoo. Wala hakuna mtoto anayemkimbilia fundi wa lifti mikono wazi. Mtoto yule alimwona mtu wa kwao. Koski si jina, Nyberg. Ni namna ya kumwita ndugu."

Walirudi Vällingby. Safari hii Mashauri alivuta kiti akaketi uso kwa uso na wenye nyumba.

"Mtoto huyu mmemzaa?"

"Tunamlea," alijibu Börje. "Tulipewa na ofisi moja ya ustawi wa watoto ya kaskazini, sasa miaka miwili. Ni Msami. Walituambia hana mtu. Wiki ijayo tulikuwa tutie saini, awe wetu kabisa."

Wasami ndio wenyeji wa asili wa kaskazini ile. Walifuga kulungu wa nchi ya baridi kabla hajatokea mfalme wa kuchora mpaka. Mashauri alikuwa amesikia kwamba watoto wao walichukuliwa, wengine wakatiwa mabwenini, wengine wakagawiwa kwa walezi wa mbali, wakapewa majina mapya na kusahaulishwa lugha. Hakuwahi kuketi jikoni kwa watu waliopewa mmoja wao.

"Alikuja na jina gani?"

"Risten," alidakia Solveig. Ndiyo mara ya kwanza kusema bila kukamuliwa.

"Mama yake yu hai?"

"Amelazwa. Mapafu."

"Ofisi ilisema mtoto hana mtu. Wewe nani amekwambia amelazwa?"

Solveig aliuma mdomo. Börje aligeuka akamtazama mkewe kama anayemwona leo. "Solveig? Nani amekwambia?"

Mashauri hakumbana. Alikwenda kwenye simu ya ukumbini, akamtafuta mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyefundisha Kisami.

"Samahani, mwalimu. Koski kwa Kisami maana yake nini?"

"Haina maana. Kwa Kifini ni maporomoko ya maji."

"Mtoto wa Kisami kamwona mtu, kamkimbilia akiita hivyo."

Kicheko kilisikika upande wa pili. "Aa! Hiyo ni *goaski*. Dada mkubwa wa mama. Mdogo wa mama ana neno lake jingine. Waswidi wanawachanganya wote wawili kwa neno moja."

"Mama mkubwa!" Mashauri alipiga ukelele wa Kiswahili mpaka Nyberg akadondosha kalamu. Loo, furaha iliyomshika! Nusu ya polisi wa jiji walikuwa wamemkazania Mfini, kumbe mtoto kamwita mama yake mkubwa kwa adabu zote, kama anavyoitwa kila siku kule Bukoba.

"Basi yuko njiani kwenda kaskazini," alisema Nyberg. "Nifunge stesheni?"

"Ngoja kwanza. Ndugu yako amelazwa, mtoto wake umempata baada ya miaka miwili. Utampeleka wapi?"

Nyberg alifikiri, kisha akachukua simu mwenyewe. Hospitali ya tatu waliyoipigia, kusini mwa jiji, ilikuwa na mgonjwa Msami aliyeletwa kutibiwa mapafu. Jina lake Elle.

"Bwana Börje, Bi Solveig," alisema Mashauri, "vaeni makoti. Tunakwenda pamoja."

Wodini walimkuta mwanamke aliyekonda, ameegemezwa mito. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pake, viatu vya theluji juu ya shuka nyeupe, na hakuna muuguzi aliyethubutu kumkemea. Mama alikuwa anasema Kisami polepole. Mtoto alikuwa anajibu Kiswidi. Mengi aliyoambiwa hakuyaelewa, lakini alikishika kidole cha mama yake hakukiachia.

Kando ya kitanda alisimama mwanamke mnene wa makamo, koti refu, kofia mkononi. Alipoona polisi hakukimbia. Alitoka mwenyewe mpaka ukumbini, akaufunga mlango nyuma yake asije mgonjwa akasikia.

"Jina lako?"

"Maret. Elle ni mdogo wangu."

"Umemwiba mtoto?"

"Nimemwiba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Nani alikupa viatu vya theluji na koti?"

Maret alitazama sakafu. "Nimesema peke yangu. Andika hivyo."

"Kwa nini umemwiba?"

"Kwa sababu nilianza kuibiwa mimi." Kiswidi chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikuyumba. "Elle alipochukuliwa hospitali, nilibaki na Risten hemani. Akaja afisa. Akaniuliza, wewe ni mama yake? Nikasema ndiyo. Kwetu ndiyo hivyo, mdogo wangu akiugua, mimi ndiye. Wakatazama vyeti vyao wakasema mimi mwongo, kwa hiyo mtoto hana mama. Na hema si nyumba. Wakamtia garini. Alikuwa na miaka minne, anapiga kioo. Nilikimbia nyuma ya gari lile mpaka pumzi ikaniishia barabarani. Miaka miwili naulizia kila ofisi mtoto yuko wapi, naambiwa ni siri. Lugha yote imemtoka, Inspekta. Limebaki neno moja tu, na neno lenyewe ni mimi. Nifunge ukitaka. Ila umwache akae na mama yake mpaka jioni."

"Hakuiba," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Solveig. Uso ulikuwa mwekundu, machozi yanachuruzika, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Nyamaza!" Maret alimkemea. "Watakufunga."

"Wanifunge. Nimempa mimi, kwa mikono yangu. Nilimvika koti, nikamfunga kamba za viatu, nikamteremsha ngazi." Akamgeukia mumewe. "Börje, kila usiku alikuwa akilia *goaski, goaski*. Unakumbuka? Nilidhani ni kidude cha kuchezea. Nikamnunulia mwanasesere nikamwita hivyo, akamtupa ukutani. Kiangazi nikamwuliza Msami mmoja sokoni neno hilo ni nini. Akaniambia. Nilitaka kuzirai! Mtoto alikuwa anamwita mtu, na sisi tumeambiwa mtu huyo hayupo. Nikapiga simu kanisa la kwao, wakamleta Maret kwenye simu. Nikajua na Elle yuko hapa, anazidiwa. Na wiki ijayo sisi tunatia saini! Baada ya saini ile, Elle asingekuwa mama wa mtu yeyote."

"Ungeniambia," Börje alisema kwa shida.

"Ungekataa. Unampenda mno."

Börje alivua kofia ya kazi.

"Na Bwana Koski?" aliuliza Mashauri. "Amekamatwa bure, na wewe umenyamaza."

Solveig aliinamisha kichwa. "Nilitaka wapate walau asubuhi moja. Nitamwomba radhi kwa magoti."

Katika miaka yake ya upolisi Mashauri alikuwa ameona watu wakigombana kukana kosa. Wanawake wawili kugombea kulibeba, hilo lilikuwa geni kwake.

Ndipo alipoingia Mzee Hallgren, mkuu wa upelelezi, aliyeitwa na Nyberg kwa simu, akihema kwa kupanda ngazi. Nyberg alimweleza yote. Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Utekaji nyara umefutika," alisema. "Mlezi ametoa mtoto kwa hiari yake. Lakini sheria ni sheria. Ofisi imeamuru mtoto akae na mlezi aliyemteua. Maret hawezi kuondoka naye. Mkikaidi, kesho wanakuja kumchukua, wampe mwingine."

Maret alishika kitasa cha mlango wa wodi kama anayetaka kuuzuia usifunguliwe tena.

"Mlezi aliyeteuliwa ni nani?" aliuliza Solveig.

"Ni wewe, unajua."

"Amri imesema mlezi aishi Vällingby?"

Hallgren alifungua kinywa, akakifumba. "Haijasema."

"Basi mtoto ataishi na mimi, kama walivyoamuru. Na mimi nahamia kwa Maret. Elle akipata nafuu, atukute huko."

Mashauri alitamani kupiga makofi. Mwanamke huyu hakuwa na cheo wala wakili, na alikuwa ameishika ile ofisi nzima kwa amri yake yenyewe. Mzee Hallgren aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama zamani kabla Waswidi hawajaacha mambo hayo.

"Umekaa hemani lini wewe?" Maret aliuliza. "Hema langu linavuja upande wa mlangoni."

"Nitalala upande huo."

"Hujui kupasua kuni."

"Sijui. Utanifundisha."

Maret alimwangalia tangu viatu hadi nywele, kama anayekagua mzigo kabla ya kujitwika. Halafu akaufungua mlango, akasogea pembeni, akamwonyesha Solveig kwa mkono apite mbele yake, akae kitandani na wenzake.

Börje alibaki ukumbini na polisi watatu, kofia ya kazi anaizungusha vidoleni.

"Inspekta," alisema, "huko kaskazini wanahitaji fundi umeme?"