Mdundo wa Ukumbi Namba Nne

Saa nne asubuhi, katika ukumbi namba nne wa kiwanda cha betri pale Morogoro, watu mia tatu waliinua mkono wa kulia kwa pamoja, wakabandika kifuniko, wakaushusha. Hakuna aliyewaamuru. Hakukuwa na king'ora wala msimamizi wa kufoka. Kwenye sakafu, karibu na ngazi, palikuwa na kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa tofali, na hicho ndicho kilichokuwa kikiwainua na kuwashusha tangu saa moja.

Kiliitwa kikatamdundo. Mhandisi Sikudhani Kibwana alikibuni miaka tisa nyuma kwa ajili ya gitaa, wala si kwa ajili ya betri. Siku za Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya dansi, na alitaka kitu cha kukanyaga kwa mguu ambacho kingeikata sauti ndefu ya nyuzi iwe vipande vyenye mapigo. Vikanyagio vya namna hiyo vilikuwapo tangu zamani, lakini hiki kilikuwa na wazimu wake. Mtetemo wake ulishuka kwenye mbao za jukwaa, ukapanda nyayoni mwa wachezaji hadi kwenye mishipa ya fahamu, na mwili ukafuata kabla akili haijaulizwa.

Matumizi yakaanza kuzaana. Hospitali moja ilikifunga chini ya sakafu ya wodi, na wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka, waliozoea kuganda mlangoni wasijue mguu upi utangulie, wakavuka kizingiti wakicheka. Walimu wa watoto viziwi wakakifundishia ngoma. Kwenye vituo vya treni za angani kiliwatoa watu ndani ya moshi bila kukanyagana. Bibi mmoja alimshika Sikudhani mkono akamwambia, "Mwanangu, umenirudishia miguu yangu," na Sikudhani akalia palepale. Basi kiwanda nacho kilipokuja na maneno yake laini ya kupunguza uchovu kazini, akatia saini bila kuuliza mara mbili.

Leo alikuwa amekuja kuuliza, na alikuwa amechelewa.

Dada yake mkubwa, Tausi, alifanya kazi humo ukumbini. Jumapili alikuja kumsalimia, na walipokaa kula, mkono wake wa kulia uliinuka, ukabandika kifuniko kisichokuwapo, ukashuka. Ukainuka tena. Wali ukamwagika mkekani.

"Usinitazame hivyo," Tausi alisema. "Tuko hivi ukumbi mzima. Mwenzangu mmoja hawezi hata kumnyonyesha mwanawe. Anamtikisa mpaka mtoto anatapika."

Daktari aliupima moyo wa Tausi akakuta unapiga mara mia na ishirini na nane kwa dakika, hata akiwa amelala. Alisema moyo wa mtu wa miaka hamsini na mbili ukiendelea hivyo utasimama, na hautangoja mwaka uishe.

Meneja Chilewa alimpokea Sikudhani katika ofisi ya kioo iliyoning'inia juu ya ukumbi. Alikuwa mtu wa suti safi na sauti ya upole, na alikuwa ameshaagiza chai.

"Mmeongeza mwendo," Sikudhani alisema bila kukaa. "Mimi niliwawekea mapigo tisini."

"Kidogo kidogo tu, Mhandisi. Pigo moja kwa wiki. Hakuna aliyelalamika."

"Wangelalamikaje wakati hakuna aliyehisi? Kimeundwa usikihisi!"

"Nasi tumekitumia kilivyoundwa." Chilewa aligusa meza, maelekezo yakawaka juu yake. "Umeandika mwenyewe hapa: mwendo wa chemko. Unaanza taratibu, unapanda. Mikonochuma yetu, hizo roboti zinazowaletea betri mezani, haina subira. Ikimaliza betri moja inaleta nyingine. Ilikuwa ama tuipunguze mwendo, ama tuwainue watu. Tukawainua watu."

Aliyasema kama mtu anayeeleza kwa nini amehamisha kabati. Sikudhani alitamani kumwagia ile chai usoni, na angeimwaga, lakini alikuwa na hasira nyingine kubwa zaidi, na hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Katika dansi wimbo huanza polepole ili watu wausikie ubeti, ndipo chemko liingie na ukumbi uwake. Yeye alilitia chemko ndani ya kisanduku. Mwisho hakuutia. Hakuwa amesahau, hakuona sababu tu. Katika bendi yake mwisho haukuwahi kuandikwa popote. Kiongozi huwatazama wachezaji, na akiona mabega yameanguka na mashati yameloa, huinua gitaa juu, na mpiga tumba anafunga wimbo. Mhandisi asiyejua dansi angeweka swichi ya kuzima baada ya dakika kumi. Yeye aliyekulia jukwaani alidhani siku zote atakuwapo mtu wa kutazama.

"Kizime," alisema.

"Kuna mkataba, Mhandisi."

"Dada yangu yuko pale chini, meza ya kumi na moja! Anakufa amesimama, na wewe unanikorogea sukari!"

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi mbio, akakiinamia kisanduku, akaung'oa waya kwa nguvu zote hata ndoano iliyokishikilia kikanyagio kikae chini bila mguu ikakatika.

Mtetemo ulikoma. Alitegemea kelele, labda vigelegele. Mikono mia tatu ilikuwa juu, na haikushuka. Watu walikuwa wameganda, macho peke yake yakizunguka.

"Tausi! Shusha mkono, dada. Njoo huku."

"Siwezi."

"Hatua moja tu."

"Mdogo wangu, nakuambia siwezi. Miguu haijui!"

Mikonochuma haikuwa na habari. Iliendelea kusukuma betri zenye moto wa tanuri, zikajaa mezani, zikaanza kuporomoka juu ya miguu isiyoweza kukwepa. Mtu wa kwanza akapiga yowe.

"Chilewa, zima mitambo!"

Sauti ya meneja ilitoka kwenye spika, ya upole vilevile. "Hiyo mpaka idhini ya makao makuu. Nimeshatuma ombi. Lakini unaona, Mhandisi? Wanakihitaji."

Sikudhani alimtukana tusi ambalo mama yake angemchapa kwalo, akaurudisha waya, akakanyaga. Kwa kuwa ndoano ilikuwa imekatika, kisanduku kilifanya kazi pale tu mguu wake ulipokuwa juu yake. Aliuweka mwendo kwenye mapigo tisini. Watu wakayumba, mstari mzima ukaanguka. Miili yao haikuujua tena mwendo huo. Ilimbidi apandishe, mia, mia na kumi, mpaka mia na ishirini na nane kamili, ndipo wakainuka na kuanza kutembea kuelekea mlangoni, sako kwa bako, huku betri zikimwagika nyuma yao.

Tausi alipompita, uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Dada, moyo wako..."

"Kanyaga," Tausi alisema. "Usiutoe mguu, Siku. Kanyaga!"

Alianguka hatua tatu kabla ya mlango. Nyuma yake walikuwa wamebaki watu tisini. Sikudhani hakuutoa mguu. Alilia, akapiga kelele, akamwita Chilewa ashuke amwokote dada yake, na Chilewa akabaki nyuma ya kioo akingoja idhini. Waliokuwa wakitoka walimruka Tausi kwa sababu miguu yao haikuweza kusimama. Mtu wa mwisho alipovuka, Sikudhani alikimbia, akampakata dada yake, naye alikuwa ameshakata roho.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Mwenyekiti alitaka kujua jambo moja la wazi: marehemu alipoanguka, ni nani aliyekuwa amekanyaga kifaa, na kwa mwendo gani?

Meneja Chilewa alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mhandisi Sikudhani Kibwana," alisema. "Kwa mapigo mia na ishirini na nane."

Wakamgeukia Sikudhani, wakamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema.