Kabati la Harusi Kwenda Goba

Kofuli lilibana. Kaa!

Ndani ya kabati, Filomena alisikia ufunguo ukichomolewa, kisha mtu akaupiga ubao makofi mawili, kama anapigwa ng'ombe aliyeuzwa.

"Twende, Rogers! Saa nane mzigo uwe Goba."

Sauti hiyo aliijua. Miezi mitatu alikuwa akiisikiliza kwenye simu alizozinasa. Projestus, muuza dawa za mimea, anayejiita Daktari ilhali hata mafua ya kuku yanamshinda.

Lori la Canter likaguruma. Misumeno na randa za maseremala wa Keko zikaanza kubaki nyuma.

Mpaka hapo mambo yalikwenda kama alivyopanga. Amri ya Kitengo cha upelelezi iliingia asubuhi, maneno matatu tu: "Panda na mzigo." Akapanda kweli. Mafundi walipokwenda kula, alijitosa upande wa kutundikia nguo wa kabati la mninga lililofungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Alidhani limejazwa chupa za dawa ya magendo.

Akawasha tochi ya simu yake ya Tecno.

Hakuna chupa hata moja.

Rafu zote zilikuwa na matreya ya majani ya kabichi yaliyotobolewa kama chekeche. Juu yake, vipepeo. Wadogo, wembamba, rangi ya vumbi, kila mmoja na alama za almasi mgongoni. Maelfu. Viwavi wa kijani walining'inia kwa nyuzi zao mbele ya pua yake.

Nondo wa kabichi.

Alifungua mdomo ashangae. Mmoja akaingia.

Akatema, akapiga simu. Chaji asilimia nne.

"Kunguru, Tausi hapa."

"Nakupata," alijibu Mazin, mwenzake wa Kitengo, aliyekuwa anaifuata Canter kwa pikipiki yake ya Boxer. "Uko siti gani?"

"Nimefungiwa kabatini."

"Hongera, bibi harusi."

"Acha ujinga! Mzigo siyo dawa. Ni wadudu. Wale sugu."

Mazin akaacha utani. Hilo halikuwahi kumtokea.

Wote wawili waliijua ishu. Mkulima anapiga dawa ileile kila wiki. Nondo wanyonge wanakufa, wababe wanabaki, wanazaana wababe wenzao. Mkulima anaona dawa imechuja, anachanganya tatu kwenye ndoo moja. Wanabaki wababe wa wababe. Projestus aliwakusanya hao, akawalea kwa sumu zote zilizoko madukani, ila moja. Ile aliyoiingiza mwenyewe kwa bandari bubu. Leo awaachie kwenye bustani za bonde la Goba, wiki ijayo aje kama mkombozi.

Na katika bonde hilo, tuta la kwanza kabisa lilikuwa la shangazi Flaviana, aliyemlea Filomena kwa chainizi na figiri za palepale.

"Toka basi," alisema Mazin. "Piga risasi kofuli."

Filomena aliitazama Glock yake. Tundu la risasi lingepitisha nondo wawili wameshikana mikono. Akitoka yeye, wanatoka wote.

"Sitoki. Babu yako bado anauza vyandarua?"

"Temeke nzima inalala kwa babu yangu."

"Leta viwili, sita kwa sita. Na nailoni nyeusi, ile pana."

"Chandarua rangi gani?"

"Mazin!"

"Nauliza tu, sista..."

Simu ikazima.

Giza. Joto. Foleni ya Ubungo.

Jasho lilimtiririka, vumbi la mabawa likamgandia kama poda. Kila alipovuta pumzi, alifunika mdomo kwa kiganja. Kiwavi alimtembea sikioni bila haraka. Hakuweza hata kuchuchumaa. Alitamani kulipiga teke lile kabati hadi lipasuke, akabana meno.

Canter ikapanda mlima, ikashuka, ikasimama.

Kabati likateremshwa. Ufunguo ukaingia kwenye kofuli.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hakuna mfungwa mwenye akili anayekifanya. Alivua mkanda wa suruali, akaupitisha kwenye makomeo ya ndani ya milango yote miwili, akaufunga kwenye bomba la kutundikia nguo. Akauvuta kwa uzito wake wote.

Kofuli likatoka. Mlango ukavutwa.

Haukufunguka.

"Mafundi wa Keko hawa!" Projestus alifoka. "Mbao mbichi, imeshavimba!"

"Nilete mtaimbo, Dokta?" aliuliza Rogers, dereva.

"Wa nini? Mie mgeni wa makabati? Mbele mninga, nyuma plaiwudi. Nani anapoteza mbao nzuri kwa upande unaotazama ukuta? Lete nyundo."

Filomena akapapasa plaiwudi nyuma yake. Hilo hakulifikiria.

Msumari wa kwanza ukang'oka mgongoni kwake. Wa pili. Mwanga mwembamba kama uzi ukaingia. Nondo wakaanza kuufuata.

Wa tatu.

Boxer ikalia. Breki.

"Tulia hivyohivyo, Rogers," ilisikika sauti ya Mazin. "Hii bastola haina utani kama mimi."

Kitu chepesi kikashuka juu ya kabati. Fwaa! Kikafuata kingine. Chandarua cha pinki, chenye maua, kikamfunika Projestus na nyundo yake. Akapepesuka, akashika plaiwudi asianguke, ikang'oka yote.

Nondo wakamwagika. Machoni, puani, kolani.

Baada yao, mdomo wa Glock.

"Shikamoo, Daktari."

Filomena na Projestus walitolewa chini ya pindo la chandarua mmoja mmoja, wakikung'utwa kama mikeka. Mazin alifunika kila kitu kwa nailoni nyeusi, akazungushia mchanga. Nondo wale walizoea kila sumu. Jua la Dar la saa nane, ndani ya nailoni, hakuna aliyewazoesha. Saa kumi hakuna bawa lililotikisika.

Shangazi Flaviana alikuja na ndoo yake ya dawa mkononi.

"Filo? Si unauza bima wewe? Mbona unanuka kabati?"

"Shikamoo, shangazi. Bado unachanganya tatu?"

"Marahaba. Ndizo zinazoua."

Filomena aliipokea ndoo, akaiweka mbali na tuta.

"Zinaua wanyonge, na wale nyigu wadogo wanaokulia viwavi bure. Kagua majani kwanza. Ukipiga, badilisha aina, usirudie."

Akachuma jani moja la chainizi, akalitafuna.

Mazin alimfungulia mlango wa gari la Kitengo, lililofika kuwachukua Projestus na Rogers. "Ingia, Tausi, tukupeleke ofisini Kawe."

Filomena aliutazama ule mlango. Akatazama vioo vilivyofungwa.

"Mtanikuta huko."

Akaenda kwa miguu.