Kura ya Maharagwe, Mahindi na Ndengu

Nekoye hukaanga mgongo wazi kando ya njia katika mtaa wa Obunga. Mgongo wazi ni kichwa na mifupa ya samaki, vinavyobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Jioni wateja humzonga. Mchana, akingoja mafuta yapate moto, yeye hufungua kitabu.

Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kanisani. Alipoweza kusoma barua bila kusaidiwa, alijiunga na chama cha wasomaji cha mtaa wa Migosi. Wanachama ni wanane. Kila mwezi hukutana Jumapili moja, kwa zamu, nyumba hii na ile. Huzungumzia kitabu walichosoma, kisha huchagua kingine. Maktaba huwaazima nakala.

Mwezi huu Nekoye alikwama. Kitabu kilikuwa kinene, habari za vita vya wafalme wa nchi za mbali. Kila mfalme alikuwa na majina matatu. Kitabu kilichotangulia pia hakukimaliza. Aliwaza kwamba wenzake wanasoma vizuri, na yeye peke yake ndiye mzito. Akakata shauri: Jumapili atarudisha nakala na kuaga.

Jumapili hiyo zamu ilikuwa ya Mama Celestine. Meza ilijaa chapati, kuku wa kienyeji na chai ya maziwa. Desturi ya chama ilijulikana. Watu wakishashiba, mwenyeji hutaja kitabu anachokitaka, na wengine huinua mikono. Hakuna mwenyeji aliyewahi kushindwa. Kile cha wafalme kilipita nyumbani kwa Mzee Obiero, mwalimu mstaafu, siku aliyochinja bata mzinga.

Safari hii palikuwa na mgeni. Lorine, mfanyakazi wa maktaba, alikuja kuchukua nakala. Alizipokea moja moja, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amemaliza?" aliuliza.

Mzee Obiero akakohoa.

"Basi, vitabu vyenyewe vimejibu," Lorine alisema. "Tazameni ukingo wa kurasa. Palipopita vidole pamechafuka. Kwingine kote ni kweupe. Nakala zote nane zimeishia mwanzoni."

Nekoye akasogea kutazama. Madoa ya mafuta kwenye nakala yake yalikoma kabla ya robo ya kitabu. Uchafu kwenye nakala ya Mzee Obiero ulikoma mapema zaidi.

"Hata wewe, Mzee?" aliuliza Waswa, fundi wa pikipiki. "Na ulituambia hiki ni kitabu cha watu wazima."

"Wafalme walikuwa wengi, Bwana," Mzee Obiero alijibu. "Nilipomfikia wa sita, nilikuwa nimemsahau wa kwanza."

Wote walicheka isipokuwa Nekoye. Bado alikuwa akizitazama zile nakala nane. Kumbe hakuwa peke yake.

"Sasa mbona mlikipigia kura?" Lorine aliuliza.

"Dada," Waswa alisema, "wewe ungekula bata mzinga wa mtu, halafu ukatae kitabu chake mbele ya macho yake?"

"Nisingeweza. Kwa hiyo ile haikuwa kura, ilikuwa asante. Asante ni jambo zuri, lakini haimsaidii mtu kumaliza kitabu."

Lorine akafungua mkoba wake. Alikuwa na vitabu kadhaa ambavyo nakala zake maktabani zinatosha chama kizima. Akaomba watu watatu wapendekeze, kila mmoja kitabu kimoja, na wasome ukurasa wa kwanza kwa sauti.

Mama Celestine alichagua mahubiri. Mzee Obiero alichagua historia ya reli. Ikabaki nafasi moja. Nekoye alikuwa amekuja kuaga, lakini mkono wake ukaenda kwenye kitabu chembamba. Kilikuwa kisa cha mjane aliyeachiwa mashine ya kusaga mahindi. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Mjane aliamka akakuta ukanda wa mashine umeibwa. Akafuata nyayo zenye unga, zikamfikisha mlangoni kwa shemeji yake. Ukurasa ukaisha.

"Endelea," Waswa alisema.

"Hapana," alisema Lorine. "Kila mtu ukurasa mmoja."

Akaomba makopo manne, akayapanga chumba cha ndani. Matatu yalikuwa ya vitabu, kila moja na kitabu chake kando. Kila mwanachama alipewa haragwe moja la mahubiri, punje moja ya mahindi ya reli, na ndengu moja ya mjane.

"Utaingia peke yako," alieleza. "Usijiulize kitabu gani ni cha heshima. Jiulize hivi: nitakisoma mpaka mwisho? Kama ndiyo, tia mbegu yake kwenye kopo lake. Unaweza kukubali kimoja, viwili au vyote. Mbegu zitakazobaki tia kopo la nne, ili utoke mikono mitupu na mtu asijue."

"Mtu mmoja kura mbili?" Mzee Obiero alimuuliza Lorine. "Mama, huo wizi sisi tunaujua."

"Wizi ni mmoja kupata zaidi ya mwenzake, Mzee. Hapa wote mna mbegu sawa, na kila kitabu kina mbegu yake. Hakuna awezaye kukipa kitabu kimoja kura mbili."

Mzee akafikiri. "Haya, hapo umenishinda."

Waliingia mmoja mmoja. Makopo matatu ya vitabu yakamwagwa mezani mbele ya wote. Mahindi mawili. Maharagwe matatu. Ndengu saba.

Watu wakamtazama Mama Celestine. Mwenyeji alikuwa ameshindwa nyumbani kwake, na kuku wake wakiwa matumboni mwa wageni. Yeye akamimina chai.

"Mbona mnanitazama?" alisema. "Ndengu moja hapo ni yangu. Nataka kujua shemeji aliupeleka wapi ule ukanda."

Nekoye hakuaga. Alikibeba kitabu cha mjane mpaka nyumbani.

Mwezi uliofuata Lorine alikuja tena, akazitazama nakala kwenye mwanga wa dirisha. Uchafu wa vidole ulifika jalada la nyuma. Nakala ya Nekoye ilikuwa na madoa ya mafuta, akasita kuitia mkobani. Mzee Obiero aliichukua, akaifungua ukurasa wa mwisho, akainusa.

"Hiki," alisema, "kinanuka mgongo wazi mpaka mwisho."