Udi Katika Mkono wa Kushoto

Ukumbi wa michoro wa Kairo ulikuwa umefurika watu Ijumaa ile, na wengi walisongamana mbele ya picha moja ya penseli: mwanamke akipiga udi, kidevu kimeinama, jicho moja limefumbwa kidogo kana kwamba anasikiliza uzi mnene ukinyamaza. Nirmin, aliyevaa gauni jeusi na shali ya rangi ya komamanga, aliitazama akajitambua. Ilikuwa nzuri hata ikamuudhi. Kisha akaona unyoya wa kupigia umo katika mkono wa kushoto.

Aligeuka kwa hasira, akapigana kikumbo na mchoraji mwenyewe.

"Wagdi! Tangu lini mimi napiga kwa kushoto?"

"Polepole, roho yangu. Watu wanasikia."

"Na wasikie! Miezi mitatu unaniita roho yangu kwenye simu, lakini mkahawani ninapopiga udi unanipa mgongo. Kumbe ulikuwa unanichora kutoka kwenye kioo cha ukutani!"

"Ami yako Sabri anakaa ubavuni mwako na ngoma yake ya dumbaki. Nikukodolee macho mbele yake? Nilikuwa nakustahi."

"Anayenistahi angemwendea ami siku ya kwanza. Sema kweli: mama yako analijua jina langu?"

Wagdi aligeuka kuinyosha picha ukutani. Kukwepa kwa namna ile ni woga, na mwoga hastahili kuitwa mchumba. Nirmin aliondoka.

Jioni simu ililia mara saba. Ya nane aliipokea.

"Usinipigie mimi. Kipigie kioo, huko ndiko uliko na mpenzi!"

Kesho yake alasiri mkahawa ulijaa. Wagdi aliingia amevaa suti, akifuatwa na mama mnene aliyebeba kisanduku cha halua. Akavuta kiti hadi mbele kabisa, akaketi uso kwa uso na Nirmin. Dumbaki likanyamaza.

"We bwana, unamtazama nani?" akafoka Ami Sabri.

"Binti wa ndugu yako, Ami. Huyu ni mama yangu. Tumekuja kuposa."

"Hapa? Mbele ya wavuta shisha?"

"Hapa hapa nilipomkosea."

Nirmin hakutabasamu. "Ami, asijibiwe bado. Nitapiga nyimbo tatu, naye asiondoe macho."

Hakuyaondoa, ingawa masikio yalimwiva kwa haya na wateja wakimzomea. Wimbo wa tatu ulipokwisha, Nirmin aliulaza udi, uso ungali umekunjamana, akamgeukia yule mama.

"Chai yako, mama mkwe, nitie vijiko vingapi vya sukari?"